Weka Kidole Kwanza

Februari mwaka juzi niliua miche minne ya nyanya. Watu nikiwasimulia huuliza kama niliisahau, kama nilisafiri, kama maji yalipotea mtaani. Hapana. Niliiua nikiwa hapo hapo, kila siku, mara tatu kwa siku, mtungi wa maji mkononi.

Nilikuwa nimenunua miche kumi kwa mama mmoja wa pale stejini, nikaipanda kwenye ndoo nyeusi za plastiki juu ya paa la ploti tunayokaa hapa Eastlands. Paa lenyewe ni saruji tupu: tangi la maji, kamba za nguo, na jua. Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua ndefu, jua la Nairobi halina mchezo. Watu wa Pwani hutucheka wakisikia tunalalamikia nyuzi 28, lakini hizo 28 hupimwa kivulini. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na saa saba mchana jua la Februari liko karibu utosini. Saruji hulimeza joto mchana kutwa na kulitema usiku. Mizizi ambayo shambani ingejificha kwenye udongo wa baridi, hapa imezungukwa na plastiki nyeusi inayochoma ukiigusa.

Siku moja nilirudi nyumbani mapema, saa nane hivi. Nikapanda juu, nikakuta majani yamelegea kama soksi kwenye kamba. Nilishtuka vibaya. Nikakimbia kuchukua maji, nikamwaga hadi ndoo zikafurika. Jioni yalikuwa yamesimama. Nikajiona daktari. Kesho yake saa nane, yamelegea tena. Nikamwaga tena. Ikawa ndiyo ratiba: asubuhi kabla ya kazi, mchana nikiweza kutoroka, jioni nikirudi. Siku ambazo mfereji ulikuwa mkavu nilinunua mtungi wa lita 20 kwa jamaa wa mkokoteni na kuupandisha ghorofa tano kwa miguu. Majani ya chini yakageuka manjano. Nikaongeza maji. Nikaongeza mbolea, kwa sababu niliwaza mgonjwa anahitaji kula vizuri. Kufikia mwisho wa mwezi miche minne ilikuwa imelala na haikuamka.

Kwenye ghorofa ya tatu kuna shosho anayeishi na binti yake. Huko Kirinyaga alilima nyanya miaka mingi, siku hizi anapanda juu kuanika nguo za wajukuu. Asubuhi hiyo alinikuta nikiinama juu ya mche wa tano na mtungi wangu. Akaweka beseni chini. Kitu nilichokiona ni kwamba hakuangalia majani hata kidogo. Alichomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, akakitoa, akakinusa.

"Kijana, hii unaiua."

"Lakini shosho, si unaona imenyauka? Ina kiu."

"Mtu akitolewa mtoni amelegea, utampa maji anywe?"

Sikuwa na jibu. Aliniambia niweke kidole mwenyewe. Juu, udongo ulikuwa umekauka na kupasuka kidogo, ule ukavu uliokuwa ukinitisha kila mchana. Lakini chini ya sentimita tano ulikuwa uji. Ulinuka kama mtaro.

Baadaye nilisoma sababu yake, na ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni, na oksijeni hiyo inaipata kwenye nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Ukimwaga maji bila kupumzika, nafasi hizo zinajaa maji, hewa inakosekana, na mizizi inaanza kufa. Mzizi uliokufa hauwezi kunyonya maji hata kama umelala ndani yake. Kwa hiyo juu jani linanyauka kwa kukosa maji, huku chini mmea umezama kwenye maji. Ukiangalia jani peke yake, kiu na mafuriko vinaweza kufanana kabisa. Jani linakwambia tu kwamba kuna shida. Halikwambii ni shida gani.

Kitu cha pili alichonifundisha shosho kiliniumiza zaidi, kwa sababu kilimaanisha kwamba hata ile siku ya kwanza sikuwa nimeokoa chochote. Mmea wenye afya kabisa unaweza kulegea saa nane mchana. Jua likizidi, majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Basi mmea hufunga vitundu vidogo vya kupumulia vilivyo kwenye majani, majani hulegea, mengine hujikunja, na kwa kufanya hivyo yanapigwa na jua kidogo zaidi. Mmea unajihifadhi. Jioni unasimama wenyewe, uwe umeumwagilia au hujaumwagilia. "Usiiulize saa nane," shosho alisema. "Iulize alfajiri. Ikiwa imelala kabla jua halijatoka, hapo ndipo kuna maneno."

Nimeandika haya yote kuhusu nyanya kwa sababu mwezi uo huo, ghorofa mbili chini ya paa hilo, nilikuwa nikimfanyia mdogo wangu vivyo hivyo.

*

Alikuja kukaa kwangu Januari. Alituambia amepumzika kidogo chuoni, mwaka wa tatu, kwamba kuna mambo ya ada yanashughulikiwa. Mimi ndiye mkubwa, nina kazi, nina keja ya chumba kimoja na sebule. Kumchukua halikuwa swali.

Nilichokiona ni kijana anayelala hadi saa sita mchana. Hali vizuri. Simu ikilia anaigeuza kifudifudi. Nikasema huyu amekauka, anahitaji kujazwa. Nikaanza kumwaga. Nilimtumia pesa ya matumizi kila Jumatatu bila kuombwa. Nilimtumia video za watu waliotoka chini wakafika juu. Nilimwandikia wasifu wa kazi nikaupeleka kwa marafiki watatu. Nilimnunulia viatu. Kila jioni nilimpa hotuba, fupi lakini kila jioni: bado una nafasi, sisi tunakuamini, mama anakuombea. Akawa anasema "asante, braza" kwa sauti inayozidi kufifia. Kadiri alivyofifia ndivyo nilivyoongeza. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kukasirika pia, kwa sababu mtu anayesaidiwa hivi si angekuwa amesimama?

Usiku mmoja mwezi wa Machi nilimpa elfu mbili za ziada, mkononi. Akazitazama, akaziweka mezani.

"Braza, haya yote unanifanyia mimi ama unajifanyia wewe?"

Niliwaka. Nilisema mambo ambayo sitayaandika hapa, karibu yote yakianza na "baada ya yote niliyokufanyia". Akachukua koti lake akatoka. Hakurudi usiku huo, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilikaa macho hadi alfajiri nikiwaza mambo ambayo mtu huwaza simu ya ndugu yake inapozimwa. Saa kumi na mbili na nusu nilipanda juu ya paa kwa sababu sikuweza kukaa ndani, na nikamkuta huko. Alikuwa amelala usiku kucha amejikunja kando ya tangi, koti limemfunika uso.

Nilitaka kuanza kuongea. Ninachoweza kujisifia siku hiyo ni kwamba sikuongea. Nilikaa chini kwenye saruji iliyokuwa bado baridi, na baada ya muda nikamuuliza kitu ambacho kwa miezi miwili sikuwa nimekiuliza kamwe: "Nini kinakusumbua?"

Ilichukua muda. Halafu yakatoka. Alikuwa ameacha kwenda darasani tangu mwaka wa pili. Alianguka mitihani, akaona aibu, akaficha. Na ada ile ilikuwa ya harambee. Mjomba aliuza ng'ombe. Watu wa kanisa la nyumbani walichanga, na majina yao na kiasi walichotoa vikasomwa kwa sauti mbele yake. Kila muhula pesa zilikuja, na kila zilipokuja deni liliongezeka la kitu ambacho hakukifanya. Kisha akaja kwangu nikaongeza yangu: pesa za Jumatatu, viatu, wasifu wenye uongo ndani yake ambao niliuandika mimi bila kujua ni uongo. "Kila ulichonipa," alisema, "kilikuwa kitu kingine cha kurudisha." Kuhusu ule usingizi wa mchana, usiku hakuwa akilala hata kidogo. Asubuhi nikitoka kwenda kazini nyumba inabaki kimya, hakuna mtu wa kumshukuru, ndipo anapata usingizi. Mimi niliuona usingizi huo nikauita uvivu, na kumbe ndio uliokuwa ukimshikilia.

Hakuwa mkavu. Alikuwa amezama.

*

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naona wengi wa rika langu tunalikwepa kwa sababu tuna mahali pazuri pa kujifichia: je, nia njema inatosha? Tumelelewa kusifu mtoaji. Kwenye kila kundi la simu kuna orodha ya michango, na jina lako likikosekana linaonekana. Tunapima wema kwa kiasi kilichotoka kwa mtoaji, na mara chache sana kwa kilichofika kwa mpokeaji. Kwa kipimo hicho mimi nilikuwa kaka bora mtaani. Kwa kipimo hicho hicho nilikuwa mkulima bora pia, maana nani mwingine alibeba lita 20 ghorofa tano kwa ajili ya nyanya?

Jibu langu sasa ni kwamba nia njema bila kujua hali ya mtu haijawa wema bado. Ni nguvu tu inayotafuta pa kutokea. Na ninasema hivi nikijua nilivyojisikia nikimwaga maji yale: nilijisikia vizuri. Hofu iliniingia nilipoona jani limelegea, na kumwaga maji kulinitoa hofu. Mmea ulikuwa ukinitibu mimi. Mdogo wangu aliliona hilo kabla yangu, ndiyo maana swali lake liliniwasha kiasi kile.

Kuna mwanafalsafa wa Ufaransa, Simone Weil, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1943. Alikuwa mwalimu, lakini mwaka wa 1934 aliomba likizo akaenda kufanya kazi viwandani, kwa sababu hakutaka kuandika kuhusu maisha ya wafanyakazi akiwa amekaa mbali nayo. Sisi tungemwambia ameelewa kwamba kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Wazo lake moja limenikaa: kwamba kiini cha kumpenda jirani ni kumkazia macho na kumsikiliza mpaka uweze kumuuliza anapitia nini, na kungoja jibu bila kulijaza mwenyewe. Linasikika jepesi. Jaribu wiki moja na mtu unayempenda. Utagundua kwamba unapouliza "uko sawa?" mara nyingi tayari una mtungi mkononi.

*

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa insha nzuri na ya uongo. Kwa sababu mwezi wa tano mwaka ule nililichukua somo la shosho nikalitumia kumuumiza mtu mwingine.

Rafiki yangu wa tangu shule ya upili aliniandikia akiomba elfu tatu za dawa ya mama yake. Hakuwa mtu wa kuomba. Na mimi, mwerevu mpya wa mambo ya kusaidia, nikasema ngoja niweke kidole kwanza. Nikamuuliza mama anaumwa nini hasa. Hospitali gani. Kwani kadi ya bima imekuwaje. Ndugu zake wamechangia ngapi. Mwezi ujao itakuwaje, ana mpango? Nilidhani ninamsikiliza. Alijibu maswali matatu ya kwanza. Halafu kimya. Baada ya saa nzima akaandika: "Usijali, nimepata."

Hakuwa amepata. Nilikuja kuambiwa na mtu mwingine kwamba jioni ile aliuza cherehani yake, ile iliyokuwa ikimlisha. Dawa ilinunuliwa. Mwezi uliofuata hakuwa na kazi.

Sasa hapo tunasema nini? Kwa mdogo wangu nilikosea kwa kutoa bila kuuliza. Kwa rafiki yangu nilikosea kwa kuuliza badala ya kutoa. Mtu anaweza kusema basi hakuna kanuni, kila mtu na bahati yake. Mimi sioni hivyo. Naona kwamba mara zote mbili sikuwa nikimtazama aliye mbele yangu. Mara ya kwanza nilitazama hofu yangu. Mara ya pili nilitazama busara yangu mpya, nikifurahia kuitumia. Kuchomeka kidole kwenye udongo huchukua sekunde tano. Mimi nilikuwa nimeung'oa mche mzima kuikagua mizizi, mchana, jua likiwaka.

Hapa Odera Oruka ananisaidia kuliko Weil. Oruka, aliyezaliwa 1944 na kufariki 1995, alifundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wengi wanamjua kwa kazi yake ya kukaa na wazee wa vijijini na kuchukua fikra zao kama falsafa kamili. Lakini aliandika pia kuhusu misaada, hasa ile inayotoka nchi tajiri kuja kwetu, na hoja yake ilikuwa kwamba kuna kiwango cha chini ambacho kila binadamu ana haki nacho: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kuishi. Chini ya kiwango hicho mtu hawezi hata kuanza kutimiza mambo mengine ya utu. Kwa hiyo kumfikisha hapo si hisani. Ni haki yake. Na mtu anayedai haki yake hapaswi kufanyiwa usaili.

Nikiliweka hilo kwenye paa letu ninaliona wazi. Kuna mmea uliokauka kweli. Ukiinua ndoo ni nyepesi kama tupu, udongo umejitenga na kingo za plastiki, na kidole hakiingii hata ukilazimisha. Huo haungojei alfajiri wala mazungumzo. Huo unapewa maji saa hiyo, hata kama ni saa nane mchana. Dawa ya mama mgonjwa ni maji ya namna hiyo. Swali la mwezi ujao ni halali, lakini linaulizwa mwezi ujao, mgonjwa akiwa ameshameza.

Hata hapo kuna namna ya kutoa. Udongo uliokauka kupita kiasi huwa unakataa maji. Ukimwaga lita tano kwa mpigo zinapita pembeni, zinatokea chini, unaona sakafu imelowa unasema nimemwagilia, na katikati mizizi bado iko kwenye vumbi. Inabidi umimine kidogo, ungoje, umimine tena. Nimeona harambee za hivyo: pesa nyingi siku moja, picha nyingi, na miezi mitatu baadaye familia iko pale pale na hakuna anayepiga simu. Kidogo kinachorudi kina uwezo wa kuingia ndani.

*

Nirudi kwa zile nyanya sita zilizobaki, kwa sababu uokoaji wake ulinifunza jambo la mwisho.

Nilitarajia shosho anipe dawa. Badala yake alinipa orodha ya mambo ya kuacha. Acha maji mpaka kidole kitoke kikiwa kikavu hadi kifundo cha pili. Acha mbolea: mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuitumia, na chumvi zake zinaizidishia kuungua. Acha kuhamisha ndoo kila siku. Acha kukata majani yaliyoungua, kwa sababu hata jani bovu bado linawapa kivuli wenzake walio chini. Mambo ya kufanya yalikuwa machache. Nilitundika neti kuukuu ya mbu juu ya vijiti ipunguze makali ya jua la mchana. Nikatandaza nyasi kavu juu ya udongo. Nikaziinua ndoo juu ya matofali zisikae kwenye saruji ya moto. Na kubwa kuliko yote, alipogeuza ndoo moja akaona nilikuwa nimetoboa tundu moja tu chini, dogo kama la sindano. Akasonya. Tulipasha msumari kwenye jiko la binti yake, nikatoboa matundu manane kila ndoo. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi.

Mdogo wangu naye hakuhitaji kuongezewa kitu. Alihitaji pa kutokea. Aprili tulipanda matatu pamoja hadi nyumbani, akamwambia mama na mjomba ukweli wote, mimi nikiwa nimekaa kando yake bila kusema neno. Haikuwa siku nzuri. Mama alilia. Mjomba alitoka nje akakaa na ng'ombe waliobaki hadi giza likaingia. Siwezi kusema amemsamehe, wanasalimiana. Lakini usiku ule, kwenye kitanda tulichokilalia tukiwa watoto, nilimsikia mdogo wangu akikoroma kabla ya saa tatu.

Kwa wiki tatu nyanya hazikuonyesha dalili yoyote. Nilikuwa nikipanda kila asubuhi kukagua yale majani ya manjano na yale yenye kingo zilizoungua, nikingoja yarudi kijani, na kila siku nikirudi chini nimekata tamaa. Nilipomlalamikia shosho alinishangaa kweli kweli. "Hayo hayarudi," alisema. "Jani lililoungua limeungua. Angalia juu."

Niliangalia juu. Kwenye ncha ya shina kulikuwa na majani mawili madogo, ya kijani hasa, yamekuwepo labda wiki nzima. Sikuwa nimeyaona kwa sababu nilikuwa nimeinama.

Nadhani hapa ndipo wasaidizi wengi tunapochoka. Tunangoja mtu awe kama alivyokuwa. Mimi nilingoja mdogo wangu arudi chuoni, amalize ile shahada, avae lile joho ambalo watu wa kanisani walikuwa wamelichangia. Hilo jani limeungua. Sasa anajifunza ufundi wa friji na jokofu kwa fundi mmoja hapa mtaani, halipwi kitu cha maana, na kuna wiki bado zinamlaza. Siku hizo huwa nampisha hadi jioni. Ikiwa asubuhi ya pili bado hajainuka, nakaa kando ya kitanda nauliza. Na mara nyingine nauliza vibaya, ananiambia hivyo, natoka.

Kuhusu rafiki yangu, nilimwomba msamaha. Nilichelewa. Nilimpa pesa ya kununua cherehani nyingine na akaikataa kwa upole, na nikaelewa kwamba sasa ndiye aliyekuwa akiona vizuri ni nani kati yetu aliyetaka kunywa. Tunaongea. Sijui kama atawahi kuniomba tena.

Nyanya tulivuna mwezi wa saba, ndogo ndogo, nyingine zimepasuka. Nilimpelekea shosho bakuli. Msimu huu tumepanda tena, ndoo kumi na mbili, na Jumamosi iliyopita saa nane mchana nilipanda juu nikakuta majani yamelegea yote. Mkono wangu ulishika mtungi kabla sijawaza, bado uko hivyo. Mdogo wangu alikuwa amekaa kivulini kando ya tangi na kidole chake kina udongo hadi katikati.

"Wacha," akasema. "Nimeshaangalia."